Nilisema Mwamini Iko na Moto Mukononi

Ni miye. Kama kuna mwenye alikuwa anauliza ile neno ilitoka kwa kinywa cha nani, asiulize tena. Ilitoka kwa kinywa yangu. Haikuniponyoka. Niliichagua vile muntu anachagua jiwe la kutupa: unaipima mukononi, unaangalia kichwa, unatupa.

Wewe unayesoma, usinihurumie bado. Shule yangu iliishia chini, kwa hiyo herufi ikianguka, iokote mwenyewe. Lakini kichwa yangu haijaanguka, na utaona mbele kama hiyo ndiyo shida yenyewe.

Nianze na ule mwanamuke. Nitamuita Mwamini, si jina yake ya kweli. Ni mama wa muke wa mutoto wangu. Familia yao ni ba Islamu ba Maniema, bashonaji na bauzaji ba vitenge, bantu ba kujipaka manukato hata bakienda kuteka maji. Siye ni bantu ba hapahapa Lubumbashi. Baba yangu alilima mihogo pale penye leo mashini zinachimba. Sikumukatalia mutoto wangu kuoa kule. Bibi arusi alikuwa muzuri, na alijua kusonga bukari. Nilisema sawa.

Sasa sikia mambo ya jina. Kwetu jina si ya kumuitia mutoto akuje kukula tu. Mutoto akipewa jina yako, anakuwa majina yako. Bengine banasema somo. Atakuita "majina" mupaka kufa. Akianza kazi, kitu ya kwanza inakuja kwako. Wewe ukienda kaburini, bantu bakimuita yeye, ni wewe banaita. Muntu asiye na majina, siku banamuzika banamuzika muzima.

Mujukuu yangu ya kwanza, jina ilikuwa yangu. Tulishapatana, hata nguo ya kumufungia nilishakata. Siku alizaliwa nilikuwa Kipushi, natafuta kuku ya kumuletea muzazi. Kufika pale hospitali, namukuta Mwamini ameketi kwenye kitanda kama malkia, mutoto kifuani, jina ameshamunong'oneza kwa sikio. Jina gani? Yake.

Nikamugeukia mutoto wangu.

"Mama," anasema, "ni jina tu."

"Kama ni jina tu, basi mumupe yangu."

Akaangalia viatu vyake. Kuku nilirudi naye.

Tangu siku ile sikumuita ule mutoto kwa jina ya mwenzangu. Nilimuita Shaba, sababu alizaliwa mwekundu kama shaba ikitoka kwa moto. Na nani alimulea? Bazazi bake bakaenda kufanya biashara kule mupakani Kasumbalesa, mutoto akabakia kwangu, mutaa wa Bel-Air. Ni miye nilimukosha, nilimupeleka shule, nilimupiga akidanganya, nilikesha naye akiwa na malaria. Lakini sikukuu ikifika, anavaa nguo mupya anakimbia kwa "majina". Akipata alama nzuri, anapelekea "majina". Na miye je? Miye ni Kambo, vile siye tunaita bibi. Kambo ni ya kufulia.

Ile kitu nilimeza, ikakaa hapa, chini ya shingo. Bado iko.

Shaba akasoma. Akasoma mupaka bitabu bikaisha hapa, akaenda Afrika ya Kusini kusoma bingine. Leo iko na bwana kule, na kazi yake ni kutengeneza dawa ya kupigia foto ya ugonjwa ndani ya mwili. Siku moja alikuja kutembea, akanielezea nikiwa natwanga sombe, majani ya mihogo.

"Kambo, mwili ni vijumba vidogo-vidogo, na kila kijumba iko na milango. Siye tunaita vipokezi. Kuna uvimbe fulani ya mubaya, vijumba vyake viko na milango ya aina moja, mingi kupita kiasi. Basi tunatafuta ufunguo yenye kuingia mulango ile tu, halafu ule ufunguo tunaifungia taa. Tunamupiga mugonjwa sindano. Ufunguo inatembea na damu, ikikuta mulango yake inakaa. Mashini inapiga foto ya zile taa, tunajua ugonjwa iko wapi."

"Na hiyo taa ni taa ya nini?"

"Ni radioaktifu, Kambo."

Muchi ikasimama hewani. Hapa kwetu hakuna muntu asiyejua ile neno. Kila familia iko na mujomba alichimba ile jiwe ya urani, na hadithi ya vile alikufa.

"Si kama ile ya bajomba," akasema. "Hii ni kidogo sana, na inazimika upesi. Tukiitengeneza asubuhi, jioni haiko."

"Mupumbavu gani anatengeneza taa ya kuzimika mbele ya jioni?"

"Mwenye hataki kuunguza nyumba."

Nilicheka mupaka machozi. Ndiyo mutoto nililea, huyo. Akaniambia pia vile funguo nyingi zinakataa. Banatengeneza, banajaribu, haiingii, banatupa, banaanza tena, yeye na benzake. Mwaka ile funguo zilikataa mufululizo alikuwa ananipigia simu analia, na miye nasema, tengeneza ingine, machozi haifungui mulango. Kwa hiyo ufunguo ile yenye ilikuja kukubali, kidogo ni yangu. Nilitembeza ile habari barabara yote. Hata muuza makala ya kupikia aliijua.

Tukafanya karamu. Mwamini akakuja na kitenge ya gharama, akaketi kwenye kiti ya mbele yenye niliweka kwa ajili yangu, na bantu bote banamupongeza yeye: majina ya daktari, majina ya daktari. Nikamuinamia kwa sikio, nikamuambia, "Mukwe, hiyo kiti iko na mwenyewe."

Akanijibu bila kugeuka, anatabasamu na bageni: "Wewe ulilea mwili, mukwe. Miye nilitoa jina. Mwili inachoka, jina inasafiri."

Nikarudi jikoni. Nikajisemea kwa moyo: utaona. Sikujua ni nini ataona. Nilisema tu, utaona.

Halafu akagonjwa. Uso ilikuwa inamuwaka moto bila sababu, anajipepea hata asubuhi ya baridi. Tumbo inaharisha, mwili inakauka, vitenge vinamuning'inia. Balimupa dawa ya minyoo, ya vidonda vya tumbo, ya kila kitu. Shaba akasikia zile dalili kwa simu, akaziandika moja-moja. Ilikuwa inafanana na ile uvimbe yenye yeye na benzake banatafutia funguo.

Akapanga safari. Na kwa sababu iko na roho kubwa, akasema tuende sote mbili: Mwamini apimwe, miye niione kazi yake kwa macho. Njiani hatukusemezana, ila yeye akiomba dirisha, namuambia dirisha iko imefungwa.

Kule hospitali nikaona. Dawa ililetwa ndani ya chungu kidogo ya madini ya risasi, nzito, mwanaume muzima anaibeba na mikono mbili kama anabeba mutoto wa mufalme. Kila muntu anatembea haraka, sababu taa inaendelea kuzimika hata kama munangojea. Balimueleza Mwamini kama ni dawa mupya, iko inajaribiwa, kama hataki anaweza kukataa. Akasema, "Imetengenezwa na majina yangu. Piga." Bakapiga. Akangojea, bakamulaza kwa mashini.

Shaba akanionyesha kwa kioo ya mashini. Mwili yote ya Mwamini ilikuwa giza, na ndani ya ini na karibu na utumbo, taa. Zinawaka kabisa. Nasema ukweli, nilikaribia ile kioo. Niliona adui yangu ndani mupaka kwa ini, na ile kitu yenye ilikuwa inamukula, na mutoto nililea ndiye alikuwa ameiwashia taa.

"Ni mubaya?" nikauliza.

"Ugonjwa ni mubaya. Foto ni nzuri. Milango iko wazi yote. Kama milango iko wazi, tunaweza kumurudisha hapa siku ingine, tubebeshe ufunguo uleule moto ya nguvu, ya kuua uvimbe, si taa tena. Atapona ao hatapona, lakini ataishi muda murefu."

Akamugeukia Mwamini aliyekuwa anafunga viatu. "Majina, unywe maji mingi. Na leo usibebe batoto badogo, usiketi karibu na mwenye mimba. Mupaka jioni tu."

Nikasema, "Kumbe jua ikizama anarudi kuwa muntu?"

Tukacheka bote, hata Mwamini. Kumbuka ile kicheko. Mupaka jioni. Nilisikia, nilielewa, na nikaifanyia hata mchezo.

Mbele ya kurudi, Shaba akanivuta kwa koridoo. Akanikumbatia, akasema, "Kambo, miye na bwana yangu tunataka mutoto. Akiwa binti, jina ni yako. Nimeshamuambia bwana."

Wewe unayesoma, siku ile nilikuwa naweza kufa na ningekufa nimeshiba. Ningeenda nyumbani, ninyamaze, ningojee mutoto. Ni hiyo tu ilitakiwa.

Lakini Mwamini akarudi Lubumbashi akiwa na kinywa. Kila paseli, kila nyumba, alipita akisema: niliwaka kama taa za Idi, dawa ya majina yangu inaniponyesha. Hiyo nilivumilia. Halafu Shaba akatuma habari ya kuwa iko na mimba. Tulikuwa kwenye arusi ya jirani, bamama bengi tumeketi tunamenya vitunguu, na Mwamini akasema mbele ya bote, anapepea uso:

"Huyo mutoto akiwa binti, nitamupatia jina mimi tena. Jina yangu iko na bahati. Jina zingine," akaniangalia, "zibakie kwa kadi ya uchaguzi tu."

Bamama bakacheka. Mwenye alikuwa na mutoto muchanga pembeni, akamunyooshea Mwamini mutoto wake: "Basi mushike na wangu, mama, nayeye apate bahati."

Nikaweka kisu chini.

"Miye nisingemupatia," nikasema.

"Kwa nini, Mama?"

"Mumuulize mwenyewe. Kule bakishamupiga ile sindano, balimuambia nini ya batoto?"

Mwamini hajui uongo, ndiyo ubaya yake. Akajibu, "Balisema nisibebe batoto badogo, na nisiketi karibu na…"

"Mumesikia," nikasema. "Na benye mimba pia. Ile ni mambo ya jiwe, ile yenye bajomba betu balichimba. Mulishasikia moto ya ile jiwe inazimika? Iko nayo mukononi hivi munavyomuona. Anajipepea kwa nini?"

"Lakini ilikuwa mupaka jioni!" Mwamini akasema.

Hakuna mwenye alisikia jioni. Mama wa mutoto alishasimama. Mwengine, mwenye mimba, akachukua kiti yake akaenda kuketi karibu na mulango, polepole, vile muntu anatoka kwa nyoka. Mwamini akabakia na mikono imenyooka, haina kitu.

Nikaokota kisu yangu, nikaendelea na vitunguu. Na nikuambie vizuri: niliona raha. Siku ile nilikula bukari mbili.

Neno ilitembea kushinda gari. Kwa siku chache tu, Mwamini alikuwa na kilauri yake peke kwa kila nyumba. Basichana bake ba kushona, mwenye mimba akaacha kazi. Bajukuu bake bengine, batoto ba bakwe, banaambiwa: salimia kambo pale pale kwa mulango. Kitenge ameshika sokoni, muntu anachukua ya chini. Mwamini wa manukato, Mwamini wa kiti ya mbele, akafunga mulango.

Siku ya kurudi kule kwa ile dawa ya moto ikakaribia. Shaba akanipigia simu.

"Kambo, majina anakataa kukuja. Anasema hawezi kuwashwa mara ya pili. Sielewi. Uende umusemeshe. Wewe hata akikuchukia anakusikiliza."

Nikaenda. Nilivaa kitenge yangu nzuri, nisikufiche. Nilimukuta ameketi kwenye kirago, amekonda, uso inang'aa na jasho.

"Umekuja kuona kama ninawaka?"

"Shaba amenituma. Anasema uende kupata dawa."

"Nitaenda," akasema. "Kesho nitaenda. Wewe uite tu bale bamama ba vitunguu, useme mbele yao neno mbili: mupaka jioni. Neno mbili tu, mukwe. Sitaki unisalimie. Sitaki uniombe musamaha. Nikienda kule nirudi na moto ya pili kabla hujasema, batoto bangu bote batanikimbia mupaka nikufe. Bora nikufe na bantu karibu."

Ndiyo hapa. Bote banafikiri kosa yangu ni kwenye vitunguu. Hapana. Pale ilikuwa hasira, na hasira hata kuku anayo. Kosa yangu ni kwenye kirago ya Mwamini, mulango umefungwa, nimetulia, nina akili yangu yote. Neno mbili. Nilizipima. Nikaona bale bamama banageuza macho kwangu: kumbe ulidanganya, muzee muzima. Nikaona ile kiti ya mbele. Nikasikia "mwili inachoka".

Nikamuambia, "Miye sirudii neno yangu."

Akajipanguza jasho. "Haya. Nayeye Mungu anakusikia."

Kwa simu nilimuambia Shaba: amekataa, ni kichwa ngumu, unamujua. Mutoto akalia. Nikamupoza, miye, na mudomo huuhuu.

Mvua ikaanza, ikanyesha mupaka ikachoka. Ile muda yote Mwamini alikuwa ndani. Mwishowe Shaba akakuja mwenyewe, tumbo mbele. Hakuuliza kitu. Aliingia kwa Mwamini, akachukua mukono yake, akaiweka kwa tumbo yake na akaishika pale.

"Anapiga mateke, majina. Unamusikia? Kama mukono yako iko na kitu, miye ningekuwa wa kwanza kukimbia. Twende."

Akaenda naye. Miye sikubebwa safari ile.

Nilingojea simu. Shaba akapiga, sauti ndogo. "Kambo, tumepiga foto ingine. Giza. Karibu yote ni giza."

Nikuambie kitu ya kwanza nilisikia? Nilikasirika. Nilifikiri giza ni kupona. Nilifikiri, hata dawa hajakunywa na ameshapona, ule mwanamuke iko na bahati gani.

"Basi amepona," nikasema.

"Hapana, Kambo. Ugonjwa iko. Mashini ingine inauona, umekuwa mukubwa. Lakini umebadilika. Milango haiko tena. Ufunguo yetu inapita, haina penye kukaa. Na kama taa haina penye kukaa, hata ile moto ya kuponyesha haina. Angekuja ule wakati ya kwanza, milango ilikuwa wazi yote. Uliona na macho yako."

Niliona na macho yangu. Ni kweli.

Balimuanzisha dawa zingine, zile za kung'oa nywele. Hazitafuti mulango, zinapiga nyumba yote. Iko hai. Lakini kila muntu akimuona anajua ni ya muda.

Unadhani ni Mwamini alinitaja? Hakunitaja hata siku moja. Alitunza siri. Ni ule mama wa mutoto muchanga alimuambia Shaba, vile tu, akidhani ni habari ya kawaida: kambo yako ndiye alituokoa ile siku.

Shaba akakuja kwangu. Akaketi pale pa kutwangia sombe.

"Kambo, niliwaambia bote mbili pamoja. Mupaka jioni. Ulifanya hata mchezo, jua ikizama. Ulisahau?"

Alikuwa ananifungulia mulango. Muzee akisahau, nani anamushitaki? Ningesema tu, ndiyo, mwanangu, kichwa ya uzee. Angelia, angenisamehe, jina ingebakia.

Lakini miye kusahau? Miye nilimufundisha ule mutoto kuhesabu.

"Miye sisahau kitu," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. Akasimama kwa shida, na ile tumbo. Sikumusaidia kusimama. Sijui kwa nini.

Mutoto alizaliwa, binti. Siku ya kumutoa nje, hapa kwetu Lubumbashi, nyumba ilijaa, Maniema na bantu betu pamoja. Mwamini alikuwa kwenye kiti ya mbele, kitambaa kwa kichwa, mifupa tu na manukato. Bale bamama ba vitunguu bote balikuwa pale. Shaba akasimama akataja jina ya mutoto. Alisema bila kuniangalia.

Mwamini.

Nikasikia vigelegele kama vinatoka mbali. Nikasimama hata hivyo. Ni kitukuu changu, damu yangu. Nikatembea mupaka kwa kiti, nikanyoosha mikono.

Mwamini akamuvuta mutoto kifuani.

"Ngoja, mukwe. Mupaka jioni."

Mama mumoja akacheka, akajizuia. Nilikuwa nimesimama pale na mikono imenyooka, haina kitu, na kila muntu alijua vile ile picha ilishaonekana siku ya vitunguu, na kwa nani.

Ningeweza kuondoka. Jeuri yangu yote iliniambia ondoka. Nikaenda kuketi kwa baraza, peke yangu, na jua ilikuwa bado juu. Balinipitishia chakula kwa sahani ya peke yangu. Sijui kama ilikuwa kusudi. Sikuuliza.

Jua ikazama nyuma ya mulima ya vumbi ya mugodi. Nikasikia anaitwa: "Muleteni mukwe yangu. Jioni imefika."

Nikaingia. Akaniwekea mutoto mikononi yeye mwenyewe. Mikono yake ilikuwa baridi. Baridi kabisa.

"Mushike," akasema. "Lakini umuite. Mutoto wa kwanza ulimupatia jina ya madini. Huyu nataka nisikie."

Bote banangojea. Shaba iko anaangalia chini. Mutoto alikuwa na macho ya mwanangu.

"Mwamini," nikasema.

"Nguvu kidogo, mukwe. Masikio yangu dawa imekula."

"Mwamini."

"Voilà, ndivyo," akasema, akafunga macho kama muntu aliyekula vizuri. Amenilipa. Nakubali, amenilipa yote. Ningekuwa yeye, ningefanya vilevile.

Usidhani sasa tunapendana. Simupendi. Akikohoa usiku wa manane sishituki. Sijuti kumuchukia, alinianza yeye. Ninajuta kitu yenye nilichukua kumupigia. Mujukuu yangu alitumia ujana yake kutengeneza taa, miye nikaifanya jiwe. Sasa kule mutaani mugonjwa akiambiwa aende kupigwa foto ya namna ile, anasema hapana, sitaki moto ya mukono, na Shaba anasikia, na anajua ile neno ilizaliwa kwa nyumba gani. Ananipigia simu bado, sikukuu. Ananiita Kambo. Zamani alikuwa anasema Kambo yangu.

Wewe mwenye uko na chuki, ukae nayo, sitakuambia uitupe, miye yangu sijaitupa. Ukitaka kupiga, piga na muchi, piga na sufuria, bantu bataamua. Lakini ukisikia neno ya munganga, ichukue yote ao iache yote. Usiikate mukia. Ile kipande nilikata ilikuwa ndogo, neno mbili, na ndani yake mulikuwa mwanamuke muzima.

Na usitafute jina yangu hapa chini. Si kama ninaogopa. Hakuna mutoto ataiitikia.